Mgongo wa Saa: Saa ya Mezani ya Kijerumani, Mtengenezaji Wake na Historia ya Wakati Jijini Bujumbura

Ikisiri

Saa ya mezani iliyotengenezwa Ujerumani na kukutwa Bujumbura kwa kawaida huitwa "saa ya Wajerumani", na kwa jina hilo huhesabiwa kuwa masalia ya utawala wa Kijerumani uliokoma Burundi mwaka 1916. Makala hii inahoji wepesi wa hitimisho hilo. Kwa kufuatilia historia ya viwanda vya saa vya Msitu Mweusi na Silesia, njia za biashara zilizofika Usumbura, na namna Kiswahili na Kirundi vinavyohesabu saa, inaonesha kwamba jina la mtengenezaji hutueleza mahali saa ilipotoka, lakini halitoshi kutueleza ilifikaje wala ilihesabu wakati wa nani. Makala inatoa hoja kwamba ushahidi wa matumizi ya wenyeji, ambao mara nyingine hubaki ndani ya mtambo wenyewe, hufutwa kwa urahisi na ukarabati wenye nia njema. Inapendekeza utaratibu wa kuandikisha saa hizo kabla hazijaguswa.

1. Utangulizi

Mjadala kuhusu urithi wa kikoloni nchini Burundi umepamba moto katika miaka ya karibuni. Mwaka 2020 Baraza la Seneti lilishughulikia mapendekezo ya jopo la wataalamu yaliyotaka Ujerumani na Ubelgiji zilipe fidia ya yuro bilioni 36, na pia zirejeshe nyaraka na vitu vilivyochukuliwa. Mjadala huo kwa haki kabisa umeelekeza macho kwenye vitu vilivyoondoka. Lakini upande wa pili wa daftari haujaandikwa vya kutosha: vitu vilivyoingia vikabaki, vikabadilisha wenyewe na kazi, na leo vimo katika sebule, maduka na stoo za jiji bila maelezo.

Saa ya mezani ni mfano mzuri wa vitu hivyo. Huko ilikotengenezwa ilikusudiwa kukaa juu ya rafu ya meko, mahali ambapo familia ya nchi ya baridi hukusanyika kuota moto. Nyumba za ufukweni mwa Ziwa Tanganyika hazina meko ya namna hiyo. Kwa hiyo saa hiyo ilipofika ilipanda juu ya kabati au meza. Jambo hilo dogo linatosha kutukumbusha kwamba kitu kinaposafiri, hakibebi maana yake yote. Maana nyingine huipata kinakofikia.

Hoja ya makala hii ni kwamba saa ya Kijerumani iliyoko Bujumbura ina historia mbili. Ya kwanza ni ya mtengenezaji, nayo huandikwa mgongoni mwa mtambo kwa chapa na nambari. Ya pili ni ya watumiaji, nayo mara nyingi haikuandikwa popote. Mtafiti anayeishia kwenye ya kwanza anaweza kuwa sahihi kwa kila alichokisema na bado akawa amepotosha.

2. Mtengenezaji: kutoka mkulima wa msimu wa baridi hadi kiwanda

Msitu Mweusi ni eneo la milima kusini-magharibi mwa Ujerumani. Kwa vizazi kadhaa wakulima wake walitengeneza saa nyumbani wakati wa majira ya baridi, shughuli za shambani zinaposimama. Mitambo ya mwanzo ilikuwa ya mbao. Kazi iligawanywa baina ya kaya: huyu anachonga sanduku, yule anapaka rangi uso wa saa, mwingine anaunganisha magurudumu, na wachuuzi wanabeba saa mgongoni kwenda kuziuza nchi za mbali.

Utaratibu huo ulitikiswa katikati ya karne ya 19. Viwanda vya Marekani, hasa vya jimbo la Connecticut, vilikuwa vimejifunza kukata magurudumu ya shaba ya manjano kwa mashine, kwa idadi kubwa na kwa vipimo vinavyofanana. Saa hizo za bei nafuu zilipoingia Ulaya, fundi wa nyumbani hakuweza kushindana nazo. Serikali ya Baden ilijibu kwa kufungua chuo cha utengenezaji saa mjini Furtwangen mwaka 1850. Jibu jingine lilitoka kwa wafanyabiashara waliokata shauri kumfuata mshindani wao badala ya kumkimbia.

Mmoja wao alikuwa Erhard Junghans. Mwaka 1861 yeye na shemeji yake, Jakob Zeller-Tobler, walianzisha kiwanda mjini Schramberg, upande wa Württemberg. Mwanzoni kilitoa vipuri tu, na baadaye kikaanza kuunda saa kamili. Ndugu yake, Xaver, alikuwa ameishi Marekani, na ni kwa njia yake kiwanda kilipata mashine na mbinu za huko. Erhard alifariki mwaka 1870, lakini mkondo alioufungua haukukauka. Kufikia mwaka 1903 kampuni ya Junghans ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 3,000 na ilihesabiwa kuwa mtengenezaji mkubwa kuliko wote wa saa duniani.

Katika mji huohuo wa Schramberg kilikuwapo kiwanda kingine ambacho jina lake pekee linajieleza: Hamburg-Amerikanische Uhrenfabrik, yaani Kiwanda cha Saa cha Hamburg na Amerika, kilichotambulika kwa chapa ya mishale miwili iliyopishana. Mbali na hapo, huko Silesia, Gustav Becker alifungua karakana yake mwaka 1847 katika mji wa Freiburg. Saa zake, zenye herufi G na B na alama ya nanga, zilisifika kwa ubora. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mji huo ukawa sehemu ya Poland, na sasa unaitwa Świebodzice.

Historia hii fupi inatupa funzo la kwanza. Saa tunayoiita ya Kijerumani mara nyingi ilizaliwa kwa mbinu za Kimarekani, na kiwanda chake huenda leo kiko Poland. Hata "wakati wa Ujerumani" ulikuwa jambo jipya. Nchi hiyo iliunganisha saa zake kisheria tarehe 1 Aprili 1893. Kabla ya hapo miji mingi ilifuata jua lake yenyewe. Kwa hiyo maofisa waliokuja kuanzisha kituo cha kijeshi cha Usumbura miaka michache baadaye walitoka katika nchi ambayo nayo ilikuwa ndiyo kwanza inazoea wakati mmoja wa taifa.

3. Kusoma mgongo wa saa

Uso wa saa hupendeza, lakini si shahidi mzuri. Unaweza kubadilishwa, kupakwa rangi upya, au kubeba jina la muuza duka badala ya mtengenezaji. Shahidi wa kutegemewa ni bamba la nyuma la mtambo, na kulifikia kunahitaji kufungua mlango wa nyuma wa sanduku tu.

Kwa saa za Junghans, chapa inayojulikana zaidi ni nyota yenye ncha nane ikiwa na herufi J au jina zima la kampuni. Mitambo mingi ya mwanzoni mwa karne ya 20 ina pia alama ya tarehe: herufi A kwa nusu ya kwanza ya mwaka na B kwa nusu ya pili, ikifuatwa na tarakimu za mwaka. Hivyo, "B 12" humaanisha nusu ya pili ya mwaka 1912. Saa za Becker hazina alama hiyo, bali zina nambari za mfululizo ambazo wataalamu wamezipangia majedwali ya makadirio.

Maandishi mengine yanastahili uangalifu zaidi kwa sababu yanahusu safari ya saa. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1887 ilidai bidhaa za kigeni zioneshe nchi zilikotengenezwa. Ndiyo sababu saa nyingi za Kijerumani zina maneno "Made in Germany", kwa Kiingereza na si kwa Kijerumani. Maneno hayo hayathibitishi kwamba saa fulani ilipitia soko la Kiingereza, kwani viwanda viliyazoea na kuyatumia kwa upana. Hata hivyo yanatosha kumzuia mtafiti asidhani kwamba ilikuja moja kwa moja mikononi mwa ofisa wa Kijerumani. Zanzibar, soko kuu la bidhaa za kigeni katika pwani yetu, ilikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza tangu mwaka 1890. Vilevile, saa iliyoandikwa "West Germany" au "Western Germany" haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka 1949, kwa kuwa nchi hiyo haikuwapo. Saa ya namna hiyo ikikutwa Bujumbura, hata ikiwa imezeeka na kuchakaa, ilitengenezwa zaidi ya miaka 30 baada ya bendera ya Kijerumani kushushwa.

4. Njia ya kuja Usumbura

Ikiwa mgongo wa saa unatupa mwaka wa kutengenezwa, ramani ya uchukuzi inatusaidia kupima uwezekano wa kufika.

Utawala wa Kijerumani nchini Burundi ulikuwa mfupi na wa watu wachache. Kituo cha Usumbura kilianzishwa mwishoni mwa karne ya 19. Mkataba wa Kiganda kati ya Wajerumani na Mwami Mwezi Gisabo ulifanyika Juni 1903, baada ya upinzani mkali. Mwaka 1912 makao ya mwakilishi mkazi yalihamishiwa Gitega, na mwezi Juni 1916 majeshi ya Ubelgiji yaliiteka Usumbura na kisha Gitega.

Katika sehemu kubwa ya kipindi hicho, shehena ya kutoka pwani ilitegemea mabega ya wapagazi kupitia Tabora hadi Ujiji, na kutoka hapo vyombo vya majini. Saa ya mezani ina kioo, pendulumu na sanduku la mbao linalopasuka kwa mabadiliko ya unyevu. Iliwezekana kuisafirisha, na bila shaka ziko zilizosafirishwa, zikiwamo za vituo vya wamisionari. Lakini haikuwa shehena ya kawaida. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914. Mwezi Agosti mwaka huohuo vita vilianza na biashara ya Ujerumani na koloni lake ikakatika. Kwa maneno mengine, kipindi ambacho bidhaa dhaifu ya Kijerumani ingeweza kufika Usumbura kwa urahisi wa reli na meli, chini ya utawala wa Kijerumani, kilidumu kwa takriban nusu mwaka.

Baada ya vita hali ilibadilika. Makubaliano ya mwaka 1921 kati ya Uingereza na Ubelgiji yaliipa Ubelgiji maeneo maalumu ya bandari Dar es Salaam na Kigoma, ili mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi ipite bila kikwazo. Viwanda vya Schramberg vilirejea katika soko la dunia, na Usumbura ikakua kuwa mji wa bandari na biashara, wenye wafanyabiashara Wahindi, Waarabu na wa kutoka Ulaya, na wenye mitaa ya Waswahili ambayo Buyenzi ndiyo mashuhuri zaidi. Kwa kupima njia na miaka, ni rahisi zaidi kueleza kufika kwa saa ya Kijerumani enzi ya Wabelgiji kuliko enzi ya Wajerumani wenyewe.

Ziwa lenyewe linatupa mfano wa kulinganisha. Meli ya Graf von Götzen ilijengwa Papenburg, ikafunguliwa vipandevipande na kusafirishwa kwa makasha, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini Februari 1915. Wajerumani waliizamisha Julai 1916 ili isitekwe. Ilipoinuliwa na kutengenezwa, ilirejea kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba, na chini ya jina hilo ikawabeba watu wa ziwa kwa vizazi. Hakuna anayeweza kuandika historia ya meli hiyo kwa kuishia mwaka 1916. Saa nazo zinastahili haki hiyohiyo.

5. Ushahidi wa maneno

Mahali nyaraka zinaponyamaza, lugha husema. Kirundi kimehifadhi maneno matatu ya kipindi hicho yanayofaa kuwekwa pamoja: amahera, ishure na isaha.

Amahera, yaani fedha, linatokana na hela ya Kiswahili, nayo inatokana na Heller, sarafu ndogo ambayo utawala wa Kijerumani uliianzisha mwaka 1904, rupia moja ikiwa heller 100. Ishure linatokana na shule ya Kiswahili, ambayo nayo ni Schule ya Kijerumani. Maneno hayo mawili yalitoka Ujerumani, lakini hayakuingia Kirundi moja kwa moja. Yalipitia kinywa cha Mswahili: askari, karani, mkalimani, mwalimu na mchuuzi.

Isaha ni tofauti. Kwa Kirundi neno hilo hutaja saa kama kipimo na saa kama chombo, sawasawa na Kiswahili, na asili yake kupitia Kiswahili ni Kiarabu. Si Uhr wala Stunde ya Mjerumani, na si heure wala montre ya Mbelgiji. Utawala uliotoa jina la fedha na jina la shule haukutoa jina la saa. Lilikuwapo tayari katika lugha ya watu waliokuja na misafara na majeshi kutoka pwani.

Tahadhari inahitajika hapa. Asili ya neno haituambii tarehe ya kuingia kwake, na haithibitishi kwamba saa ya kwanza kuonekana Burundi ililetwa na mtu wa pwani. Inachothibitisha ni kwamba Warundi walijifunza kuizungumzia saa kwa Kiswahili, na pamoja na neno walipokea hesabu yake: mu gitondo, jua likishapanda kidogo, isaha imwe ni saa moja, ambayo Mzungu huiita saba.

Pwani ilikuwa imezifahamu saa za kigeni muda mrefu kabla ya ukoloni wa Kijerumani. Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said aliyekuja kuitwa Emily Ruete baada ya kuolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, alieleza katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886, jinsi saa zilivyopamba vyumba vya nyumba za Zanzibar pamoja na vioo. Katika desturi ya Kiislamu siku mpya huanza jua linapozama, na saa iliweza kurekebishwa kwa machweo ili mishale ioneshe kumi na mbili wakati wa magharibi. Hivyo chombo cha kigeni kilifundishwa kufuata jua la mahali.

6. Saa inagonga saba, msikilizaji anasema moja

Sasa tunafika kwenye kiini cha suala. Saa nyingi za mezani za Kijerumani hugonga kengele au waya kila saa, kwa idadi ya saa yenyewe. Kwa mtu anayetazama tu, tofauti ya hesabu ya Kizungu na ya Kiswahili haina tabu: mshale ukiwa kwenye saba, ncha ya upande wa pili huelekea moja. Mtoto hujifunza kusoma namba ya upande wa pili na mambo yakaisha. Lakini sikio halina upande wa pili. Saa inapogonga mara saba asubuhi, nyumba inayosema "saa moja" inasikia idadi isiyolingana na lugha yake.

Mwenye saa alikuwa na njia tatu. Ya kwanza ni kuiacha kama ilivyotoka kiwandani na kuzoea kutafsiri. Ya pili ni kusogeza saa yote kwa saa sita, ili mishale na mlio vyote vifuate hesabu ya Kiswahili. Ya tatu ni kutenganisha: mishale ibaki ya ofisini na mlio uwe wa nyumbani.

Njia hii ya tatu inaweza kuonekana kama ndoto, lakini kiufundi ni rahisi. Katika mitambo ya aina ya kale, idadi ya milio huongozwa na gurudumu lenye makato yaliyopangwa kwa mfuatano, moja, mbili, tatu hadi kumi na mbili. Gurudumu hilo halijui mishale iko wapi. Fundi akiligongesha saa bila kusogeza mishale, mlio huenda mbele peke yake, na anaweza kuuacha popote anapotaka. Katika mitambo ya aina ya pili, idadi ya milio huamuliwa na kipande chenye ngazi kumi na mbili kinachozunguka pamoja na gurudumu la saa. Hapo mlio hauwezi kukimbia peke yake; lakini mshale mfupi kwa kawaida hushikiliwa kwa kubanwa tu, na unaweza kung'olewa na kurudishwa ukielekea namba nyingine. Kwa vyovyote vile, saa ya Schramberg inaweza kuonesha saba na kugonga moja.

Tunachopaswa kukiri ni mipaka ya ushahidi huu. Njia ya kwanza na ya pili haziachi alama yoyote katika saa iliyosimama. Ni kumbukumbu za wenye nyumba tu zinazoweza kuzitofautisha. Njia ya tatu huacha alama, lakini si kila tofauti ni ya makusudi. Mlio wa gurudumu la makato huweza kupotea wenyewe pale springi yake inapoishiwa nguvu kabla ya ile ya mishale. Kwa hiyo tofauti ya saa sita kamili haitoshi kuwa uthibitisho. Ni sababu ya kuuliza. Ikiungana na kauli ya mzee aliyekulia katika nyumba hiyo, inakuwa ushahidi wa kihistoria.

Hatari iko hapa. Fundi mzuri akipewa saa yenye mlio usiolingana na mishale, jambo la kwanza atakalofanya ni "kuisahihisha", na kazi hiyo humchukua dakika chache. Kwa mtazamo wa ufundi hajakosea. Kwa mtazamo wa historia amefuta sentensi pekee ambayo mtumiaji wa Usumbura aliiandika ndani ya chombo cha kigeni. Saa inarudi kuwa ya Kijerumani tupu, na jumba la makumbusho linapoipokea linapata kitu safi kisichosema lolote kuhusu Burundi.

Inafaa kuongeza kwamba hesabu ya Kiswahili haikuwa kosa lililohitaji kusahihishwa. Bujumbura iko takriban nyuzi 3 na nusu kusini mwa ikweta, na urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima. Aidha, iko karibu na longitudo ya nyuzi 30 mashariki, ambayo ndiyo msingi wa majira rasmi ya Burundi. Kwa sababu hiyo saa sita mchana jijini humo huja karibu sana na jua la utosi, kwa tofauti ya dakika chache kulingana na msimu. Kwa upande wa Zanzibar, ambayo majira yake rasmi yanafuata longitudo ya nyuzi 45, jua hufika utosini wastani wa zaidi ya dakika 20 baada ya saa sita. Hesabu iliyozaliwa pwani leo inalingana na jua la Bujumbura kuliko linavyolingana nalo jua la pwani kwa saa rasmi. Aliyesema saa moja kwa kutazama jua hakuwa nyuma ya wakati.

7. Maana yake kwa sera ya urithi

Burundi ina taasisi zinazoweza kuibeba kazi hii, ikiwamo Makumbusho ya Taifa ya Gitega, iliyoanzishwa mwaka 1955. Kinachokosekana si jengo bali fomu yenye maswali yanayofaa. Mapendekezo manne yanatokana na uchambuzi uliotangulia.

Kwanza, saa iandikishwe kabla ya kukarabatiwa. Mwandikishaji apige picha ya bamba la nyuma, anakili chapa, nambari na maandishi yote, kisha arekodi mishale ilisimama wapi na mlio unaofuata ni wa ngapi. Kazi hiyo haihitaji vifaa vya gharama.

Pili, fomu itenganishe mambo manne ambayo sasa huchanganywa: mtengenezaji, mwaka wa kutengenezwa, njia ya kufika, na matumizi. Pale jambo moja lisipojulikana, nafasi yake ibaki wazi badala ya kujazwa kwa kukisia kutokana na jingine. Jina "Junghans" lijaze nafasi ya mtengenezaji pekee.

Tatu, mahojiano yafanywe kwa lugha ambayo saa ilitumika. Kumuuliza mzee wa Buyenzi kwa Kifaransa saa ya nyumbani kwao iligonga mara ngapi alfajiri ni kumlazimisha atafsiri, na katika kutafsiri jibu lenyewe linaweza kupotea: sept heures ni jibu sahihi la swali tofauti. Kirundi na Kiswahili viwe lugha za ushahidi, na namba zinukuliwe kama zilivyotamkwa.

Nne, mafundi saa wahesabiwe kuwa washirika wa utafiti. Hao ndio waliozifungua saa hizi kwa miongo mingi, na baadhi yao wanakumbuka walichokikuta na walichokibadilisha. Simu za mkononi zimepunguza wateja wao, na maarifa yao hayarithiwi tena kama zamani. Wakiondoka bila kuulizwa, hakuna hifadhi ya nyaraka ya Berlin au Brussels itakayoziba pengo hilo.

Mapendekezo haya hayapingi madai ya kurejeshwa kwa vitu vilivyochukuliwa. Yanayapa nguvu. Nchi inayodai maelezo kamili ya vitu vyake vilivyoko ng'ambo hujenga hoja imara zaidi inapoweza kuonesha kwamba vitu vya ng'ambo vilivyoko kwake imevieleza kwa ukamilifu uleule.

8. Hitimisho

Makala hii ilianza na jina, "saa ya Wajerumani", na imejaribu kuonesha kwamba jina hilo ni kweli kwa sehemu tu. Mtambo ulitoka Schramberg au Silesia, kwa mbinu zilizovuka bahari kutoka Marekani. Maandishi yake mara nyingi ni ya Kiingereza. Reli iliyoweza kuuleta ilikamilika Wajerumani wakiwa karibu kuondoka, na soko lililoweza kuueneza lilikua baada yao. Neno la kuutaja lilikuja na Kiswahili, na hesabu ya wakati uliouhesabu ilifuata jua la mahali.

Wanaoshughulika na urithi wa Burundi wanaweza kuchagua kuusoma uso wa saa hiyo pekee, na watapata historia ya taifa jingine. Wakiigeuza na kusoma mgongo wake watapata historia ya kiwanda na ya biashara. Historia ya Bujumbura itapatikana kwa hatua ya tatu, ambayo ni kukaa na wale walioisikia ikigonga na kuwauliza, kabla fundi hajaitengeneza, kwao ilikuwa saa ngapi.